Likeni planasi ya mdomo haiambukizi

Mhariri, naomba nafasi niwasemee wenzangu wenye likeni planasi ya mdomoni, ile michirizi myeupe kama wavu ndani ya mashavu, wengine na vidonda vinavyowaka ukigusa tu pilipili, ndimu au achari. Jamani haiambukizi! Ni kinga ya mwili yenyewe inashambulia ngozi laini ya mdomo, sasa kumtengea mtu kikombe chake ni kumuumiza bure. Dawa ya kuimaliza kabisa haipo ila ile ya steroidi ya kupaka inatuliza sana, na dawa ya meno isiyo na povu jingi nayo inasaidia. Tena ndugu zangu msiache kumuona daktari wa meno angalau mara 1 kwa mwaka hata kama hauumwi, maana kwa wachache inageuka saratani.