Mtaje mwaka wa gari, siyo herufi ya namba

Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumamosi iliyopita nilihesabu matangazo 11 ya magari yanayouzwa. 9 yanajisifu kwa "namba D" au "namba E", yaani herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha namba za gari, ambayo husonga mbele kadiri magari yanavyosajiliwa. Mawili tu ndiyo yaliyotaja mwaka gari lilipotengenezwa. Naomba nafasi nieleze kwa nini jambo hili linaniuma.

Nilipopata mafao yangu ya kustaafu ualimu, nilikuwa na magari mawili ya kuchagua. Moja ni Toyota Raum namba C ya mwalimu mwenzangu, milioni 8. La pili ni Toyota IST namba D, milioni 9.5, kwa dalali hapa Morogoro. "Mama, hii namba D, bado mbichi kabisa," aliniambia. Nikaiacha Raum kwa ajili ya herufi, nikatoa kishika uchumba siku hiyohiyo. Nilipokabidhiwa kadi ya usajili wa gari nilitazama jina na namba ya chasisi, basi.

Miezi michache baadaye, nikienda Iringa kwenye msiba wa shangazi, gari lilichemka katikati ya mlima Kitonga, malori yananipita ubavuni. Fundi aliyeletwa na bodaboda kutoka Ilula alifungua boneti, akaubonyeza mpira wa rejeta kwa vidole viwili. Ukamegeka kama biskuti. Akabonyeza wa pili, nao vilevile. Kisha akafungua mlango wa dereva, akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake karibu na sakafu, akanionyesha lebo ndogo iliyoshonewa pale: 2003. "Mama yangu, mipira hii imetoka na gari kiwandani," alisema. Nilitoa kadi kwenye mkoba. Mwaka ulikuwa umeandikwa pale muda wote.

Herufi ya namba inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haielezi lilizaliwa lini. Wenzetu Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusu, ila linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hiyo gari la 2003 linaweza kushushwa bandari ya Dar es Salaam likiwa limeshatembea Japani miaka 12, likafungwa namba inayong'aa, na sisi tukaliita jipya. Ile Raum niliyoidharau ilitengenezwa 2006 na kuingia nchini 2012. Namba yake ni ya zamani kuliko yangu, lakini gari lenyewe lina umri mdogo kuliko langu kwa miaka mitatu. Na ningebaki na milioni moja na nusu mfukoni.

Sina ugomvi na gari la zamani. Jirani yangu ana Corolla 110 ya 1998 inayompeleka Kilosa kila wiki, kwa kuwa anajua umri wake: mipira, bushi na mkanda wa feni anavibadilisha kabla havijakatika. Sisi wenye kipato kidogo hatutaweza kununua gari la miaka mitatu, na hakuna ubaya. Lakini anayejua kwamba analipia gari la miaka 20 hupatana bei ya miaka 20, na hubakiza fedha ya fundi. Mimi sikubakiza kitu. Silinda hedi ilikuwa imepinda kwa joto, na nyumbani nilirudi kwa basi.

Hata matairi, Mhariri, yana umri wake ubavuni: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Langu moja liliandikwa 1815, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2015. Kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, zilikuwa bado nzima, lakini ubavu umejaa nyufa.

Ombi langu ni moja. Kwenye nafasi mnayowapa wauzaji kutaja rangi, namba na bei, ongezeni mwaka wa kutengenezwa kama ulivyo kwenye kadi, na tangazo lisilo nao lisichapwe. Muuzaji hawezi kusema haujui, kadi anayo yeye.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro