Kwa Nini Kifaru Ulichokwisha Kukipaka Rangi Kinalipiwa Zaidi ya Kile Kilicho Bado Kwenye Boksi

Lalamiko linalotufikia mara nyingi kuliko yote sisi tunaopaka rangi vifaru vya mfano ni hili: mteja analeta vifaru vitano vidogo vya mchezo wa vita wa mezani, ameshavipaka rangi mwenyewe, anaomba tumalizie tu mabaka (zile rangi za kujificha vitani) na alama. Tukimpa hesabu anakuta imezidi ya vifaru vitano ambavyo havijaguswa. Wengine huona wanaibiwa, na husema hivyo waziwazi. Hoja yao tunaielewa: rangi ya chini si ipo tayari, kazi si imepungua? Kwa kweli imeongezeka, na ni haki ya mteja kujua imeongezekea wapi.

Tuanze na ribiti, vile vipini vya chuma vyenye kichwa cha duara vinavyounganisha bamba za kifaru. Ribiti yenye kichwa cha sentimita 3 kwenye kifaru halisi inabaki nusu milimita tu kwenye skeli ya 1/56, yaani kifaru kilichopunguzwa mara 56, na milimita 0.3 kwenye 1/100. Sasa mteja akitumia kopo la kupuliza la kupaka milango na mageti: hilo limetengenezwa lifunike mikwaruzo, kwa hiyo linafunika na ribiti, bawaba za vifuniko na mishono ya kuchomelea. Baada ya hapo woshi, ile rangi ya majimaji ya kutia vivuli, haina mfereji wa kutuama, na brashi kavu, yenye rangi kidogo sana ya kung'arisha kingo, haina ukingo wa kushika. Ukipaka mabaka mazuri kiasi gani juu ya bodi ya namna hiyo, kifaru kitaonekana kama kipande cha sabuni. Hakuna cha kumalizia pale. Ni kuvua rangi yote na kuanza upya.

Na kuvua ndiko kunakokula saa. Kifaru cha plastiki tunakiloweka kwenye alkoholi ya aisopropili ndani ya chombo chenye mfuniko, mbali na moto, kisha tunasugua kwa mswaki laini, tunarudisha, tunasugua tena. Rangi za akriliki, zile za maji, hulegea bila shida kubwa. Enameli, zile za mafuta, na rangi za kopo la geti hung'ang'ania, hasa kuzunguka magurudumu na nyuma ya minyororo, na hapo huchokolewa kwa kijiti cha mbao, pembe kwa pembe. Viungo vilivyoshikwa kwa supagluu mara nyingi huachia humo humo, ikabidi mzinga, antena na bunduki za rashasha zirudishwe mahali pake. Vifaru vingine ni vya rezini, maada inayomiminwa kwenye kalibu ikagandamana, na rezini nyingine hulainika ndani ya alkoholi, kwa hiyo lazima ijaribiwe kwanza chini ya bodi, mahali pasipoonekana.

Mteja akijaribu njia ya mkato nyumbani, gharama hupanda zaidi. Asetoni, au kile kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni, huyeyusha plastiki ya polistirini. Vifaru huja na madigadi yaliyojikunja na sahani za mbele zilizotoboka mashimo, na hapo tunajaza puti, tunapiga msasa, tunachonga upya kilichopotea. Ukisitasita kuhusu kimiminika chochote, usikitumie. Tuletee kifaru kama kilivyo.

Rezini ina ugonjwa wake mwingine. Inatoka kiwandani na mafuta ya kalibu juu yake, na rangi haishiki mafuta. Mwanzoni kila kitu huonekana sawa. Siku unapobandua masking tepu, ile tepu ya kuzuia rangi isiguse mahali, rangi inakuja nayo kama utando, mpaka kwenye rezini tupu. Dawa yake ni maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo na mswaki, suuza vizuri, kisha acha kikauke siku nzima. Mzinga uliopinda unachovywa kwenye maji ya moto mpaka ulegee, unanyooshwa, halafu unatiwa kwenye maji baridi ili ushike umbo. Gundi ya plastiki haishiki rezini hata kidogo, tumia supagluu. Na ukipiga msasa, piga ukiwa na maji na uvae barakoa inayozuia vumbi laini, maana vumbi la rezini lina madhara kwa mapafu.

Praima, rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, hupulizwa kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa mapito mafupi, mkono ukianza nje ya kifaru na kuishia nje yake. Ukiwa karibu mno rangi hutiririka na kujaa kwenye mifereji. Ukiwa mbali siku ya joto matone hukauka hewani na kutua kama mchanga. Siku ya unyevunyevu mwingi hatupulizi, hata mteja akiwa na haraka. Ukungu mweupe unaotokea hapo hautoki kwa kufuta.

Sasa mabaka, ambayo ndiyo huleta ugomvi wa pili wa bei: "Mbona kikosi cha Kijerumani ni ghali kuliko cha Kisovieti?" T-34, kifaru cha Kisovieti cha Vita vya Pili vya Dunia, kwa kawaida ilitoka kiwandani ikiwa kijani, rangi moja iliyoitwa 4BO. Kazi yake ni ya kweli, lakini iko kwenye vivuli na matope. Vifaru vya Kijerumani katika miaka ya mwanzo ya vita vilikuwa hasa kijivu cheusi, RAL 7021 (RAL ni orodha ya Kijerumani ya namba za rangi). Februari 1943 yalitolewa maagizo kwamba rangi ya chini iwe Dunkelgelb, ile manjano ya kiudongo ya RAL 7028, na wanajeshi wakapewa rangi nzito ya kijani cha zeituni, RAL 6003, na kahawia nyekundu, RAL 8017, waizimue kwa petroli au maji na kupuliza wenyewe. Ndiyo maana hakuna viwili vilivyofanana. Tukipaka kikosi cha vifaru vitano tunachora mabaka matano tofauti kwa rangi zile zile tatu, na mteja anayesema "mmekosea, havilingani" anakuwa ameona hasa alichopaswa kuona.

Kwa sababu hiyo hiyo tunamuuliza kila anayetaka Panther, kifaru kingine cha Kijerumani, ya kijivu. Panther iliingia vitani mara ya kwanza Kursk, Julai 1943, miezi kadhaa baada ya maagizo yale. Akisisitiza tutapaka, kifaru ni chake, ila tunataka ajue kabla hajaambiwa na mpinzani wake mezani.

Ukingo wa baka una hesabu yake. Wapuliziaji wa vitani waliacha kingo zenye ukungu, na eabrashi, kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, inaiga hilo vizuri: ncha ya milimita 0.3, mgandamizo wa psi 15 hadi 20, rangi iliyozimuliwa mpaka iteleze kama maziwa. Lakini ukingo wa ukungu wa milimita 2 kwenye 1/100 ni sentimita 20 za kifaru halisi, jambo linalokubalika. Kwenye 1/285 milimita hizo hizo mbili ni zaidi ya nusu mita, na baka linageuka kuwa wingu. Vifaru vidogo namna hiyo tunavipaka kwa brashi, na si uvivu. Kwa 1/56 tunaviringisha vijiti vya ile gundi laini kama udongo ya kubandikia karatasi ukutani, unene wa milimita 2 au 3, tunavilaza kwenye mpaka wa baka na kupuliza kwa juu. Ukingo unatoka laini bila kuenea. Rangi zenyewe tunazipausha kidogo, na skeli ikiwa ndogo tunapausha zaidi, kwani rangi kamili ya kiwandani kwenye kitu cha sentimita 8 huonekana nyeusi mno kwa anayetazama kutoka upande wa pili wa meza.

Kabla ya kununua, pima. Tiger I, kifaru kizito cha Kijerumani, yenye mzinga ukiangalia mbele ilikuwa na urefu wa mita 8.45: hiyo ni sentimita 15 kwenye 1/56, karibu 12 kwenye 1/72, na 8.5 kwenye 1/100. Kuchanganya 1/72 na 1/76 kunapita, tofauti ni milimita 6 hivi kwa kifaru kizima. Kuchanganya 1/48 na 1/56 hakupiti. Tiger moja inaizidi nyingine kwa sentimita mbili na nusu. Angalia na mwaka: T-34-85, toleo la baadaye la T-34, ilianza kupigana 1944, haina nafasi kwenye jeshi la kulinda Moscow mwaka 1941.

Alama za dikali, zile stika nyembamba za kulowekwa majini, hazibandikwi juu ya rangi isiyong'aa. Hewa hunaswa chini yake na kuacha ule mng'ao wa fedha ambao wateja hudhani ni dikali mbovu. Tunapaka vanishi inayong'aa kwanza, tunabandika, tunalainisha kwa dawa ya dikali, tunafunga kwa vanishi tena, ndipo woshi ya mafuta ifuate, ikigusa mishono na kuzunguka ribiti tu. Woshi ikimwagwa ovyo, waiti spiriti iliyoizimua hupenya kwenye viungo vya plastiki na kuvipasua. Nambari nazo zina maana. Tiger 131 iliyotekwa Tunisia Aprili 1943, na sasa iko kwenye jumba la makumbusho la vifaru Bovington, Uingereza, inasomeka kampani ya 1, platuni ya 3, gari la 1. Kikosi chako kikiwa platuni moja, tarakimu mbili za mwanzo zifanane.

Ukitaka hesabu isiyobadilika baadaye, tuandikie skeli, kama ni plastiki au rezini, mwaka na uwanja wa vita, na idadi ya magari. Kama yameshapakwa, tupigie picha ya karibu ya ribiti na ya lebo ya kopo ulilotumia. Lebo ndiyo inayotuambia ni kimiminika gani kitavua rangi hiyo bila kuigusa plastiki, na mara nyingine hutuonyesha kwamba tabaka lako la rangi ni jembamba vya kutosha, hakuna haja ya kuvua, na bei inashuka.