Kwa mwanangu unayekaribia kuwekewa mikono

Mwanangu mpendwa,

Uliponiandikia ukiuliza babu yako aliwezaje kulea usharika na watoto watano kwa wakati mmoja, nilikaa na swali lako siku nyingi kuliko nilivyokusudia. Najibu hadharani kwa sababu najua hauko peke yako: wapo wenzako wa chuo cha theolojia wanaosubiri kubarikiwa kuwa wachungaji, na wapo wachumba wao, ambao hakuna aliyewauliza kama na wao wameitwa. Jibu fupi ni kwamba kuna siku aliweza na kuna siku hakuweza, na mimi, shangazi yako, nimeziona zote.

Wewe ulimfahamu babu akiwa mimbarini, au akiwa mzee anayesinzia kitini na Biblia imemfunika magoti. Mimi nilimfahamu kwa vitu viwili vilivyoning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake. Cha kwanza kilikuwa stola ya kijani, kitambaa kirefu anachovaa mchungaji shingoni, ile ya majira marefu ya baada ya Utatu, ambayo ukingo wake ulichakaa mahali pamoja tu, pale alipozoea kuushika kwa vidole vya mkono wa kushoto wakati wa maombi. Cha pili kilikuwa kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari dogo lenye ukubwa wa kiganja. Humo aliandika majina ya wagonjwa, wafiwa na wazee wasioweza tena kufika ibadani, ambao aliwapelekea Chakula cha Bwana nyumbani kwao katika kisanduku chenye kikombe kidogo sana, tulichokidhania kuwa cha kuchezea mpaka siku tuliyochapwa kwa kukigusa. Kila alipomtembelea mtu, aliweka alama ya vema mbele ya jina. Jina lililokaa wiki mbili bila vema lilimkosesha raha, na raha yake ilipokosekana, nyumba nzima ilijua.

Jambo ambalo chuoni wanaweza kukufundisha kwa haraka, nami ningependa ulitafakari polepole, ni siri ya ungamo, yaani yale mtu anayomwungamia mchungaji hayatoki kwake. Baba alikuwa mcheshi mezani, ila kulikuwa na majina ambayo yakitajwa aliinamia sahani yake na kula kimya, kisha akauliza habari za shule. Tulimwona mlangoni mwa kanisa akimshika mkono mtu ambaye, miaka mingi baadaye, tulisikia kutoka kwa watu wengine mambo aliyoitendea familia yake, na tukaelewa kwamba baba aliyajua muda wote huo. Hakuweza kumweleza hata mama. Nilidhani ukimya ule ni ukali. Kumbe ulikuwa mzigo, na sisi tuliokaa naye tuliubeba pia bila kujua ndani yake mna nini.

Sasa nikueleze siku aliyoshindwa. Nilipopata kipaimara, ni yeye aliyeniwekea mikono kichwani, kama alivyowawekea wenzangu wote, wala hakuniongezea hata neno moja kwa kuwa binti yake. Hilo sikulichukia. Nilichochukia ni kwamba baada ya ibada, wageni wakiwa wamekwisha kukaa na mama amesimama akimsubiri aombee chakula, ujumbe uliletwa kwamba kuna mzee anakata roho, naye akaondoka na kanzu yake mkononi. Alirudi wageni wameaga. Nilikuwa nimejifungia chumbani, na nilikuwa nimekwisha kujiandalia jibu, kwa maana nilijua atasema kwamba kazi ya Bwana haingoji. Hakusema hivyo. Alikaa chini kwenye sakafu, upande wa pili wa mlango, akaniambia, "Mwanangu, yule mzee nilipaswa kwenda, na wewe nimekukosea. Yote mawili ni kweli."

Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonifaa kuliko hayo, ingawa nakiri kwamba siku ile sikumfungulia mlango.

Baadaye, nilipoanza kusoma mwenyewe, niliona kwamba maneno yale yalikuwa na mizizi ya Kilutheri kuliko nilivyodhani. Kabla ya Matengenezo ya kanisa aliyoyaanzisha Martin Luther, mtu aliyetaka kumpa Mungu maisha yake yote alihesabiwa kuwa amechagua njia ya juu akiingia utawani na kuacha ndoa. Luther, aliyekuwa mtawa, alikataa ngazi hiyo. Katika maandishi yake ya mwaka 1522 kuhusu ndoa alisema kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani, hata watu wakimcheka, Mungu na malaika zake wanafurahi. (Aliyaandika miaka mitatu kabla hajaoa, kwa hiyo sisi wanawake tunayo haki ya kutabasamu kidogo.) Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, yaani tamko la imani ya Walutheri, linasema katika kifungu cha 14 kwamba mtu asifundishe hadharani wala kugawa sakramenti bila kuitwa ipasavyo, na hilo utaliishi siku ya kuwekewa mikono. Ila kifungu cha 23 cha ungamo hilohilo kinatetea ndoa ya wachungaji. Una wito wa madhabahuni na una wito wa nyumbani, vyote vimetoka kwa Mungu yuleyule, na huwezi kutumia kimoja kama cheti cha ruhusa ya kukikimbia kingine. Wachungaji wengi hawaikimbii nyumba kwa uvivu. Wanaikimbia kwa sababu usharikani wanaitwa baba na kushukuriwa, na nyumbani wanaulizwa kwa nini bomba linavuja.

Ndiyo maana Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kitabu kidogo cha Luther cha mafundisho ya imani, ambayo utawakaririsha vijana wa kipaimara mpaka uichoke, katika vichwa vya sehemu zake inamtaja mkuu wa nyumba, jinsi anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Babu yako aliichukua kama ilivyoandikwa. Jumamosi usiku alitusomea hotuba ya kesho, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa na swali moja tu: "Kwa hiyo tufanye nini?" Mara nyingine baba alikata ukurasa mzima kwa kalamu baada ya swali hilo.

Mdogo wetu huyo ndiye ambaye hukumkuta. Alipofariki akiwa na miaka tisa, wazee wa kanisa walitarajia kwamba baba ataongoza mazishi, kwa kuwa alikuwa ameongoza ya watoto wa watu wengine wengi. Alikataa. Alimwita mchungaji wa usharika wa jirani, akavua kola yake, akakaa benchi la kwanza katikati ya mama na baba yako, akalia kwa sauti. Wapo walionong'ona kwamba mchungaji amekosa imani. Mwaka 1542 Luther alimpoteza binti yake Magdalena, aliyekuwa na umri wa miaka 13, na yeye pia hakuificha huzuni yake, ingawa hakuna aliyejua kuhubiri ufufuo kumshinda. Baba alirudi mimbarini baada ya wiki kadhaa, na watu waliofiwa walianza kuja kwake kwa namna ambayo hawakuja kabla.

Kuhusu bibi yako sitasema mengi, kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kusemewa. Watu humsifu Katharina von Bora, mke wa Luther, kwa kuendesha ile nyumba ya watawa wa zamani kule Wittenberg, yenye watoto sita, wanafunzi wapangaji na wageni wasiokwisha, pamoja na mashamba na kiwanda cha pombe, na sifa hizo anastahili. Ila sifa ni rahisi kuliko msaada. Mama mchungaji hawekewi mikono wala halipwi, lakini usharika unamgongea mlango saa nane za usiku sawa na mumewe. Kabla hujauliza askofu atakupangia wapi, muulize mchumba wako anaogopa nini.

Katekisimo ileile inamwagiza Mkristo akimaliza sala ya jioni alale upesi na kwa furaha. Baba alitufundisha maneno hayo, naye mwenyewe hakuyaweza mpaka alipostaafu na kumkabidhi mwenzake lile daftari.

Stola ya kijani ninayo mimi. Bibi yako ameushona upya ule ukingo mara mbili, na safari hii amekataa kuufanya ufanane na upande mwingine, anasema mtu atakayeivaa aone mahali pa kushika. Njoo uichukue kabla ya siku yenyewe, na uje na mchumba wako, maana bibi ana maneno yake ambayo amesema atamwambia yeye, si wewe.

Shangazi yako