Boti ni yetu, wenzako wa safari si wetu

Malalamiko tunayoyapata kuliko yote sisi wenye boti za kutembeza wageni hapa Zanzibar hayahusu boti, wala nahodha, wala kobe. Yanahusu abiria wengine. Mteja anashuka Forodhani anacheka, anaaga vizuri, halafu usiku anatuma ujumbe mrefu: safari ilikuwa nzuri ila kulikuwa na vijana na spika yao, au kulikuwa na dada aliyetaka picha kwenye kila jiwe na sote tukakaa tunamngoja. Mwisho wa ujumbe anadai nusu ya pesa zake. Juzi mmoja ametuita matapeli kabisa. Basi tuelezane.

Ukipanda boti ya kuchangia kwenda Changuu, kile kisiwa cha kobe, umenunua kiti, hukununua boti. Petroli, nahodha, baharia wake, turubai la kivuli, maboya ya kuvaa, yote yamegawanywa kwa vichwa vilivyomo ndani, ndiyo maana umelipa kidogo. Kiingilio cha kisiwani ni mbali na hicho, kinalipwa huko huko, sisi hatukigusi. Hatumhoji mtu tabia zake kabla ya kumpa nafasi, na hakuna mwenye boti anayefanya hivyo. Wazee walisema penye wengi pana mengi, na watu kumi na wawili ndani ya boti moja ni wengi.

Anayetusumbua zaidi ni mchelewaji, kuliko hata mwenye spika. Safari inayonunuliwa sana hapa ni ya Changuu pamoja na Nakupenda kwa siku moja. Nakupenda ni fungu la mchanga. Maji yakipwa unatandika khanga, unapikiwa samaki, watoto wanakimbia. Yakijaa, fungu linamezwa. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua kuna tofauti ya hadi mita 4 za maji. Siku za maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo tu, hali ni nyingine kabisa. Ndiyo maana leo tunakwambia uje saa mbili tuanzie kwenye fungu, na mwenzako wa wiki ijayo tunamwambia aanze na kobe. Hatubahatishi, na hatupangi saa kwa kupenda sisi.

Sasa mtu anakupigia, “Niko njiani,” kumbe bado anakunywa chai hotelini. Dakika 40 nchi kavu si kitu. Kuna kundi la wafanyakazi wa ofisi moja kutoka Dar walitaka tuwasubiri wenzao wawili waliokwenda Darajani kununua viungo. Kundi lilikuwa kubwa, likapiga kelele, nahodha akakubali kwa shingo upande. Walipofika na mifuko yao ya karafuu na iliki, tukaenda, tukakuta fungu limebaki kipande kama cha kutandika mikeka mitatu, na maji yanakuja kutoka pande mbili. Ndani ya boti hiyo walikuwamo mama mmoja na binti yake waliokuwa wamefika kabla ya watu wote. Wao ndio walioumia, na wale wa viungo ndio waliokuja juu kudai pesa. Tangu hapo tunasubiri dakika kumi, tunang'oa nanga. Aliyeachwa harudishiwi pesa, kwa sababu petroli ya kiti chake imekwenda naye hayupo. Kwa hilo nalo tunatukanwa, na hatutabadilisha.

Kobe nao wana yao. Wale wa Changuu ni kobe wakubwa wa Aldabra. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 kama zawadi. Wakazaana, kisha watu wakawaiba wakabaki wachache mno, hadi wakajengewa ua na kuwekewa walinzi. Kwa hiyo mlinzi akikukaripia pale uani usimwone mkali bure.

Ukitaka kuona raha ya kobe, shika mchicha kwa mwisho wa shina, nyoosha mkono, tulia. Usiukate mfupi, maana mdomo ule hauna meno lakini una ukingo mkali na hauchagui kati ya jani na kidole. Akishakula, mkune shingoni polepole. Atanyanyuka kwa miguu yote minne, lile ganda zito litaacha ardhi, shingo itarefuka mpaka uone mikunjo yote imenyooka, na macho atayafumba. Kobe dume anapita kilo 200, lakini kumnyanyua hivyo kunataka kidole kimoja tu na watu waliotulia.

Siku moja kijana wa boti ya kuchangia alimkalia kobe mgongoni ili apigwe picha. Kobe akavuta kichwa kwa nguvu, ile pumzi ikatoka fsss, akajifunga. Wa pembeni naye akajifunga. Ganda lina hisia, si jiwe lile. Mlinzi akamtoa kijana, rafiki zake wakaanza kubishana naye, na wale waliokuwa wakingoja zamu na mchicha wao mkononi wakabaki wanatazama magamba. Waliolalamika jioni ni hao hao, na walikuwa na haki ya kukasirika, ila si na sisi. Mwenzetu wa boti alikuwa ameshawaambia wote kabla hawajashuka: hakuna kukalia, hakuna muziki uani. Spika ndani ya boti tunairuhusu ikiwa wote wameafiki. Mmoja akikataa, inazimwa.

(Kuna na wale wanaodai pesa kwa kuwa hawakuona minyororo. Jela ya Changuu ilijengwa 1893 kwa amri ya Lloyd Mathews, lakini haikuwahi kupokea mfungwa. Kisiwa kikaishia kuwa karantini. Hatuna seli ya kutisha ya kukuonyesha, samahani.)

Tuje kwenye pesa. Njia ya mkato wanayoipenda wateja ni hii: wanaulizia boti nzima, wanaona ghali, wanakwenda ufukweni kwa papasi, dalali wa mitaani, ambaye anataja bei ya kichwa inayosikika kama bure. Familia moja ya watu saba ilifanya hivyo Idi pili. Kichwa mara saba, ukijumlisha na kiingilio ambacho papasi hakukitaja, na “maboya ya kukodi” waliyodaiwa wakiwa tayari majini, walishapita bei ya boti nzima tuliyowapa asubuhi. Na bado walikaa na watu wasiowajua, bibi yao akiwa juani kwa sababu upande wa kivuli ulikuwa umewahiwa.

Wanandoa wengine walikuwa na tiketi za boti ya alasiri kurudi Dar. Nao wakachukua nafasi mbili za bei ya chini kwa mtu wa ufukweni. Wenzao kule kwenye fungu walikuwa wamefungua vinywaji, hawataki kuondoka, na nahodha hawezi kuwaacha watu mchangani maji yanajaa. Boti ya Dar ikaondoka bila wao. Tiketi mpya, chumba cha usiku mmoja, chakula. Walikuja kwetu kesho yake wakiuliza kama tunaweza “kuongea na yule mtu.” Hatuwezi, hata jina lake hatulijui, na wao pia hawakulijua.

Kwa hiyo boti nzima ni ghali, ndiyo. Mashine inakula petroli ile ile ukiwa peke yako au mkiwa kumi. Hatujazi kupita idadi ya maboya yaliyomo, na miezi ya kusi, upepo wa kusini, bahari ikichafuka mchana tunarudi mapema hata kama mteja amenuna. Mkiwa watano kwenda juu, pigeni hesabu kwanza kabla ya kusema sisi wezi. Mkiwa wawili na hamna haraka, kuchangia kunawafaa, tena wengi wamepata marafiki humo.

Ukiamua kuchangia, tuambie mambo mawili unapoweka nafasi: kama una boti ya kuwahi siku hiyo, na kama unasafiri na mzee au mtoto mchanga. Tutakuweka na watu wanaofanana nawe kadiri inavyowezekana. Siku za katikati ya wiki kuna nafasi ya kupanga hivyo; Jumamosi na sikukuu hakuna. Na ukimwona mwenzako anakalia kobe, mwambie mwenzetu pale pale, usisubiri hadi usiku kutuandikia.