Mbao za omo, kamba na picha zenu

Habari zenu wapendwa, waundaji wenzangu wa meli ndogo za mfano. Nimeona picha za mwenzetu aliyekwama kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, ya mfano wake wa HMS Victory, ile manowari ya kale ya Uingereza; mbao zinapasuka kila akizipinda. Ndugu yangu, usiitupe meli! Bandua ubao uliopasuka tu. Loweka mwingine kwenye maji ya moto hadi ulainike, upinde taratibu, ubane kwenye mataruma (mbavu za meli) ukauke, ndipo utie gundi. Mimi omo yangu niliirudia mara tatu.

Mliofika kwenye kamba: kwa kipimo cha 1:100, yaani mfano ulio mdogo mara mia kuliko meli halisi, kamba yenye unene wa sentimita 3 inakuwa milimita 0.3, basi uzi wa kushonea unafaa. Upakeni nta usitoe manyoya.

Tumeni picha, hata za kazi iliyoharibika. Na tafadhali, ukiiona picha ya mwenzako usipite kimya.