Barua kwa mwanangu: daftari la majina

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mama yako amenisomea ujumbe wako kwamba umepata kazi katika shirika litakalokupeleka vijiji vya Kwale, hapa pwani ya Kenya, kuwahudumia waliorudi kutoka Somalia walikokwenda kujiunga na kundi la wapiganaji la al-Shabaab, na kwamba unaanza mwezi ujao. Nimefurahi, na furaha hiyo niliitangaza msikitini kabla hata ya kukujibu. Hata hivyo ungeniuliza kabla ya kutia saini, maana mimi si mgeni wa jambo hili, na ningekuwa na swali moja tu: majina ya watu hao mtayaandika wapi, na nani atalishika daftari?

Huo si woga wa uzee. Baada ya shambulio la al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha kwa vijana waliokuwa wamejiunga na al-Shabaab, akawapa siku kumi wajitokeze, kisha muda ukaongezwa. Tangazo lilisikika hadi vijijini, lakini halikuwa na sheria ya kulisimamia. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ilibaki pale pale, na marekebisho ya mwaka 2014 yalikuwa yamekwisha kuongeza kwamba anayekwenda katika nchi iliyotajwa kuwa ya mafunzo ya ugaidi bila kupitia kituo rasmi cha mpakani atahesabiwa kuwa alikwenda kufunzwa. Kwa hiyo kijana aliyefika mbele ya ofisa na kusema amerudi alikuwa anakiri kosa kwa mtu asiyekuwa na mamlaka ya kulifuta. Katika Kwale baadhi ya waliorudi waliuawa, na wengine walichukuliwa wasionekane tena. Wenzao wa zamani waliwaona wasaliti, watu wa usalama wakawaona wapelelezi, na jina moja kwenye karatasi moja liliwafaa wote wawili.

Yaliyomkuta binamu yako unayajua, sitayarudia. Nitasema tu kwamba wakati ule kila mzee wa mtaa aliulizwa nani ameonekana amerudi, nami nilikuwa mzee wa mtaa.

Utaniambia mambo yamebadilika, kwamba kuna Mkakati wa Kitaifa wa Kukabiliana na Itikadi Kali wa 2016, na kwamba Kwale ni miongoni mwa kaunti za mwanzo kuandika mpango wake, mwaka 2017. Ni kweli, na silidharau jambo hilo. Vikao vilivyowakutanisha maimamu, akina mama, vijana na maofisa katika chumba kimoja ni jambo ambalo zamani halikuwezekana. Lakini mpango hauna mikono. Mradi una mwaka wake wa kuanza na mwaka wake wa kwisha, fedha za wafadhili zikikatika ofisi hufungwa, na makabati huhamishwa na mtu ambaye hakuna aliyemwapisha. Waulize waajiri wako, kabla hujafungua mlango wa nyumba hata moja, kumbukumbu zao zitakwenda wapi siku hiyo. Wasipokuwa na jibu, rudi nyumbani. Mshahara utapatikana kwingine.

Usishuke mlangoni kwa mtu kutoka katika gari lenye nembo, na fulana zenu za shirika ziacheni ofisini. Msikusanye waliorudi peke yao mkawafundisha ushonaji au ufundi wa pikipiki, kwa sababu kikundi cha namna hiyo ni orodha hata kama hakuna aliyeshika kalamu. Wachanganye na vijana wasiowahi kuondoka. Lipo na jambo la haki hapo, ambalo nyinyi wasomi hulipita haraka: kijana aliyebaki akavumilia ukosefu wa kazi, akimwona jirani yake aliyekwenda vitani akirudi na kupewa mtaji, atajiuliza faida ya kutulia ni ipi. Swali hilo ni la kweli, na hakuna hotuba ya kulijibu. Usaidieni mtaa mzima, na aliyerudi apate sehemu yake humo bila kunyoshewa kidole.

Usiende pia ukidhani wote walivutwa na dini. Wengine waliahidiwa kazi na mshahara, wengine walifuata ndugu, na wengine waliondoka baada ya kudhalilishwa katika misako. Imamu atamsaidia aliyepotoshwa kwa aya. Aliyedanganywa kwa ahadi ya fedha anahitaji kitu kingine, na wewe uliyesomea ushauri nasaha ndiye utakayetofautisha. Hapo ndipo ninapojivunia, ingawa nilitaka usomee ualimu na bado naona ungeufaa. Uwe na subira na akina mama. Mama anayemficha mwanawe si adui wa serikali. Amehesabu hatari mbili na kuchagua iliyo ndogo. Akikupa jina, ulipokee kwa sikio, usilipeleke kwenye simu, na picha usipige kabisa.

Hapa nyumbani tuko salama. Mkwe wa shangazi yako, aliyerudi mjane na mtoto wake, bado analala chumba cha nyuma, nasi huwaambia wageni kwamba ametoka Tanga. Mtoto amefikia umri wa shule na hana cheti cha kuzaliwa. Katiba, Ibara ya 14, inamhesabu raia kwa sababu mama yake ni Mkenya, popote alipozaliwa, lakini kwenye maombi ni lazima pawepo mahali alipozaliwa, na shangazi yako hataki neno hilo liandikwe. Nilimwambia uongo kwenye hati ya serikali utamfuata mtoto hadi utu uzima. Akanijibu kwamba ukweli umeshamfuata baba yake. Sikuwa na la kusema. Kama shirika lenu lina wakili, muulize, pasipo kutaja ni mtoto wa nani.

Paa la jikoni limeanza kuvuja tena, na fundi anadai tukibadilisha mabati mawili litatosha, jambo ambalo mama yako haliamini. Fedha ulizotuma tumezigawa kati ya hilo na karo ya mdogo wako. Mwezi ujao usitume hadi ujue nauli yako ya vijijini ni kiasi gani, na uniandikie ni siku gani utavuka feri ili nije kukupokea Likoni.

Baba yako