Tangazo la mashine za mvuke lilimfikia nani?

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mashine za kusafishia kwa mvuke. Julai 2024 kampuni ya Bissell ilitangaza kurudishwa kwa mashine zake za mkononi za Steam Shot, takriban milioni 3.2 nchini Marekani pekee, kwa kuwa zingeweza kumrushia mtumiaji maji moto au mvuke. Ni vyema walitangaza. Ila tangazo lilimfikia nani?

Mashine hizi hazikai kwa mnunuzi wa kwanza. Huuzwa mitumba, hupewa shemeji, huazimwa na jirani. Aliye nayo leo hana risiti, na namba ya modeli imebandikwa chini kwa herufi za kuhitaji miwani, kama haijafutika kwa unyevu. Atajuaje kwamba iliyotajwa ni yake?

Na mvuke si wa kufanyiwa mzaha. Ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto jingi uliolibeba, ndiyo maana huunguza kuliko maji yanayochemka. (Anayesema ni hewa tu amwulize aliyewahi kufunua sufuria vibaya.) Aliyeungua amwagiwe maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu.

Watengenezaji waichape namba ya modeli ubavuni mwa mashine, kwa herufi kubwa. Magazeti, lako likiwemo, yatoe picha ya kifaa badala ya jina tu pembeni mwa ukurasa. Wauzaji nao wanazo namba zetu za simu. Kila wiki wanatutumia habari za punguzo la bei.

Msomaji wako